Shajara ya mradi: Babu wa kahawa, fokasi na ukungu wa nyuma

Naandika hii ili mtu mwingine anayechora wahusika kwenye kompyuta asipoteze muda kama mimi. Vifaa: laptop ya RAM GB 8, tableti ndogo ya kuchorea niliyonunua mtumba kwa 120,000, na Krita, programu ya kuchorea ambayo ni ya bure. Kanvasi ni pikseli 3000 kwa 4000. Nitaongeza kila hatua ikiisha.

Jumamosi, 8 Machi 2025

Picha ni ya mzee muuza kahawa wa mtaani kwetu Ngamiani, Tanga. Mwezi huu wa Ramadhani anatoka baada ya futari, anakaa pale pale kila siku, anagonganisha vikombe mara mbili tatu na watu wanaanza kusogea. Nimemchora kakaa kwenye kibao, kanzu nyeupe, kofia ya viua, mkono wa kulia umenyoosha dele, birika la kahawa, kuja mbele kwako kama anakumiminia wewe. Nyuma yake kuna mlango wa mbao, kushoto baraza la nyumba ya jirani na wateja watatu wamekaa, baiskeli imeegemezwa ukutani, na mbali kabisa taa za barabarani na za pikipiki.

Uchoraji wenyewe nilishamaliza wiki iliyopita, sitauelezea, ni mchoro wa penseli, rangi bapa, vivuli, kawaida. Shida ni kwamba picha imekaa kama stika. Kila kitu kinaonekana sawasawa, pindo la kanzu linapiga kelele, mlango unapiga kelele, hata tairi la baiskeli lina spoku zote, jicho halijui liende wapi. Kwa hiyo lengo la mradi ni moja tu: uso wa Babu uwe kwenye fokasi, vingine vilegee kidogo kidogo kama picha iliyopigwa na kamera, afu niongeze vitu vidogo kama mvuke, mng'ao wa makaa na chenga za filamu (vile vidoti vidogo vya picha za zamani). Nataka nimprintie nimpelekee sikukuu.

Jumatatu, 10 Machi

Jaribio la kwanza limefeli. Nilichukua picha nzima ya nyuma, nikapiga Gaussian Blur (filta ya ukungu), nikaivuta mpaka ikapendeza machoni, nikarudisha Babu juu yake. Nilivoona kwenye skrini nikafurahi, saa moja baadae nikirudi nimeshakunywa chai nikaona makosa mawili makubwa.

La kwanza, Babu ana kama nuru nyeupe imemzunguka mwili mzima, kama picha za kalenda za zamani. Chanzo chake ni hiki: leya (tabaka la mchoro) ya nyuma niliyoipiga ukungu ilikuwa bado na Babu ndani yake, nilikuwa nimeunganisha leya zote kabla. Sasa ukungu ukisambaza rangi, ule weupe wa kanzu unatoka nje ya mwili na kuingia kwenye mlango. Kanzu nyeupe mbele ya mlango wa giza, hapo hakuna pa kujificha. Dawa yake sio kufuta ile nuru kwa brashi, nilijaribu nikapoteza saa mbili na bado ilibaki. Dawa ni kumtoa Babu kabisa na kuchora kilicho nyuma yake kabla hujapiga ukungu. Mbao za mlango ziendelee mpaka nyuma ya mgongo wake, ukuta uendelee, baraza liendelee. Sio lazima uchore vizuri, rangi tu ziwe sahihi kwa upana wa ule ukungu kuingia ndani ya mwili, mi nilienda kama pikseli 200 ndani. Dakika 40 nikawa nimemaliza na nuru ikaondoka yenyewe.

La pili, kingo za picha zimefifia, kuna mstari wa giza pembezoni pande zote. Nje ya kanvasi hakuna rangi, kwa hiyo ukungu unachanganya rangi zako na utupu. Nimeongeza kanvasi pikseli 250 kila upande, nimechorea rangi mpaka huko nje, nitakata mwishoni kabisa. Kama unaanza picha mpya anza na kanvasi kubwa kabisa, usisubiri yakukute.

Gharama mpaka sasa: saa 5, pesa sifuri.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimejifunza kitu ambacho kimebadilisha mradi mzima.

Kuna kaka mmoja hapa mtaani anapiga picha za harusi, nikamwonyesha. Akaangalia kidogo akaniuliza, "Mdogo wangu, huyu mzee yuko umbali gani na mlango?" Sikuwa na jibu. Akaniambia basi huo ukungu umeupaka kama losheni, kila mahali sawa, lenzi haifanyi hivo, lenzi inafuata umbali. Baada ya tarawehe tukaenda barazani na kamera yake ya fremu kamili na lenzi ya 85mm, tukachukua futi ya fundi seremala, tukapanga kikombe, kiti na ndoo kwenye umbali tofauti, yeye fokasi kwenye uso wangu mita 2. Akapiga f/1.8 (tundu la lenzi limefunguka sana, ukungu mwingi) na f/4 (tundu dogo, ukungu kidogo), akasema kwa picha yangu nifuate f/4.

Niliporudi nyumbani nikatafuta hesabu yake na kumbe ni ndogo tu. Gawa urefu wa lenzi kwa namba ya f, unapata tundu: 85 kwa 4 ni milimita 21.25. Zidisha kwa ukuzaji, yani 85 gawa kwa 1915 (umbali wa fokasi, milimita 2000, toa 85), ambayo ni kama 0.0444. Unapata milimita 0.94, huo ndo ukungu wa kitu kilicho mbali kabisa. Fremu ya kamera ile ikiwa wima ni milimita 36 kwenda juu na kanvasi yangu ni pikseli 4000, kwa hiyo ni pikseli 105. Hiyo namba moja ikishakaa, vitu vingine vyote ni rahisi: chukua tofauti kati ya umbali wa kitu na umbali wa fokasi, gawa kwa umbali wa kitu, zidisha kwa 105.

Kwa Babu, fokasi kwenye jicho lake mita 2, nimepata hivi:

dele, mita 1.6: pikseli 26
kiwiko, mita 1.8: pikseli 12
sikio, mita 2.1: pikseli 5
mlango, mita 3: pikseli 35
wateja barazani, mita 4: pikseli 52
taa za mbali, mita 20: pikseli 94

Angalia hapo, dele limekuja mbele sentimita 40 tu na ukungu wake ni 26, mlango uko nyuma mita nzima na ni 35. Kitu cha mbele kinalegea haraka sana, cha nyuma kinalegea pole pole na kikifika mbali kinakaribia ile 105 lakini hakiipiti. Mi nilikuwa nafanya kinyume, mbele naacha kali kabisa kwa sababu nimechora nakshi za dele kwa siku mbili na nilizipenda.

Jumapili, 16 Machi

Nimeweka zile namba na picha ikaharibika kabisa. Wateja wote watatu wameyeyuka, mlango umekuwa ukuta wa kahawia, na Babu ghafla anaonekana kama sanamu ndogo ya kuweka juu ya meza. Nikahangaika nadhani hesabu ni mbovu.

Hesabu ilikuwa sawa. Hizo pikseli ni kipenyo cha duara la ukungu, na Lens Blur ya Krita (filta inayoiga ukungu wa lenzi) inataka nusu kipenyo. Kwa hiyo nilikuwa nimeweka mara mbili kila mahali. Mlango sio 35, ni 17 au 18. Wateja ni 26. Afu usitumie hizi namba kwenye Gaussian Blur ukategemea matokeo yale yale, ile inasambaza rangi kwa namna nyingine, inafifia kuelekea pembeni, wakati lenzi inatoa duara lenye ukingo.

Lakini lile kosa limenifundisha kwa nini kaka alisema f/4 na sio f/1.8. Ukungu ukizidi kuliko umbali unaoonekana kwenye picha, jicho linaamini kitu ni kidogo, kwa sababu vitu vidogo vikipigwa kwa karibu ndo huwa na ukungu mwingi namna ile. Na kuna jambo lingine linalonigusa zaidi. Kichwa cha mteja barazani kwenye picha yangu kina urefu wa pikseli kama 550. Kwa f/1.8 ukungu wake unakuwa 116, uso unapotea, unabaki na vivuli vitatu vya watu. Kwa f/4 ni 52, huoni macho lakini unaona huyu kainama, huyu kakunja mguu, huyu kashika kikombe kwa vidole viwili kwa sababu cha moto. Kahawa ya barazani bila watu wa barazani ni nini? Ule mlegezo wa f/1.8 unapendeza haraka na wengi wanaukimbilia, ila kwa picha hii ungefuta nusu ya habari. Nimebaki na f/4.

Lens Blur kwa leya kubwa kwenye mashine yangu inachukua zaidi ya dakika, na nilikuwa nimeiweka kama leya ya filta ili niweze kubadilisha, kwa hiyo kila nikigusa brashi inahesabu upya. Nimezima zote, nafanya kazi bila ukungu, nawasha mwishoni. Umeme ulikatika mara mbili leo na mara ya kwanza nilipoteza kazi ya dakika 30, sasa nimeweka ijihifadhi yenyewe kila dakika 5.

Alhamisi, 20 Machi

Mkono. Siku nne zote zimeishia kwenye mkono.

Bega liko kwenye fokasi, kiwiko kina 12, dele lina 26, kwa hiyo ukungu unatakiwa uongezeke taratibu kutoka begani mpaka vidoleni. Nilifanya kama wengi wanavyofanya, nakala moja kali, nakala moja yenye ukungu juu yake, maski ya gredienti katikati (inaficha moja taratibu na kuonyesha nyingine). Ikatoa mizimu. Pale maski ilipofika nusu unaona mstari mkali wa mkono na wakati huo huo kivuli chake kilicholegea, kama mkono una mikono miwili. Ukizumu ndani pindo la mkono wa kanzu lina kingo mbili kabisa.

Kilichofanya kazi: nakala tano badala ya mbili. Ukungu wa kipenyo 0, 6, 12, 18 na 26, na kila moja inaungana na jirani yake tu kwenye kipande kifupi cha pikseli 80 hivi. Tofauti kati ya jirani na jirani ni ndogo kwa hiyo mzimu hauonekani. Vidole na dele vyote viko kwenye ile ya 26, sikuvigawanya.

Kingine, leya ya mkono nilikuwa nimeibana isitoke nje ya umbo lake, alfa imefungwa. Ukungu ukaishia kwenye mstari wa umbo, yani ndani kumelegea lakini ukingo umekatwa kama kwa wembe. Kitu kilicho mbele ya fokasi kinatakiwa kingo zake zimwagike juu ya kilicho nyuma, dele limwagike juu ya kanzu. Fungua alfa kwanza ndo upige ukungu. Hii ni sekunde moja tu lakini nilihangaika nayo jioni nzima.

Nakshi za dele nilizozichora siku mbili sasa hazionekani. Nimekubali. Umebaki mng'ao wa shaba na ule mdomo wake mrefu, na hata mtu wa Tanga akiona kwa mbali anajua ni dele.

Jumapili, 23 Machi

Taa za mbali. Nilitarajia yale maduara mazuri ya mwanga, nikapata madoa ya kijivu kama uji uliomwagika.

Sababu ni mbili na zote zinahusu namna kompyuta inavyohesabu mwanga. Kwanza kwenye picha ya kawaida ya biti 8 rangi inahesabiwa 0 mpaka 255 na nyeupe inaishia 255, taa na kanzu vyote ni 255, wakati barabarani taa ya pikipiki inazidi kanzu mara nyingi sana. Ukisambaza mwanga wa taa halisi kwenye duara kubwa bado unabaki mkali, ukisambaza 255 yako unabaki na kivuli. Pili zile namba hazipandi sawa na mwanga, nusu ya mwanga wa 255 sio 128, ni kama 188. Programu ikichanganya rangi kwa namba hizo bila kuzigeuza, mng'ao unafifia kuliko inavyotakiwa.

Dawa ni kubadilisha picha iwe biti 16 za desimali, kwenye profaili ya mwanga ulionyooka, ambapo namba zinapanda sawa na mwanga na taa unaweza kuipa thamani mara 10 ya nyeupe. Nikajaribu kwenye faili zima. Leya moja ya 3000 kwa 4000 kwenye biti 8 ni MB 48, kwenye biti 16 ni MB 96, mi nina leya 40 na kitu. Laptop ikaganda, feni inalia, nikazima kwa kitufe.

Nilichofanya baadae na nakipendekeza kwa mwenye mashine ndogo: faili la pembeni kwa ajili ya taa tu, nusu ya ukubwa, 1500 kwa 2000. Nyuma nyeusi tupu, nikachora vidoti vya taa, vya njano vya dukani, vyeupe vya pikipiki, chekundu kimoja cha nyuma ya bajaji, vyote vikali kupita nyeupe. Nikapiga Lens Blur umbo la pembe nane, nusu kipenyo 23 kwa sababu faili ni nusu. Maduara yakatoka, makali, ukingo umekaa. Nikarudisha kwenye biti 8, nikakuza mara mbili, nikaweka kwenye picha kubwa kwa mtindo wa Addition, unaojumlisha mwanga wa leya na wa kilicho chini yake. Kitu chenye ukungu hakina cha kupoteza ukikikuza, hiyo ni faida ya bure kabisa.

Nilifuta maduara saba kati ya kumi na mbili. Yalikuwa mazuri lakini yaligombania jicho na uso wa Babu. Kipimo changu kilikuwa kugeuza picha iwe nyeusi na nyeupe, nikiona kitu cha nyuma kina weupe kuzidi ile nukta ya mwanga kwenye jicho lake, nakipunguza au nakitoa.

Alhamisi, 27 Machi

Vitu vidogo vidogo, siku moja.

Mvuke: mara ya kwanza niliupaka mpaka ukawa moshi wa kuni. Nikaenda kumwangalia Babu anavyomimina. Mvuke wa kahawa unauona pale tu nyuma yake kuna giza na mwanga unatoka upande wa pili, ukipita mbele ya kanzu haupo kabisa. Nikafuta wote uliopita kwenye kanzu, nikaacha ule wa mbele ya mlango, nguvu asilimia 18. Hapo ndo ukawa kahawa.

Makaa: rangi ya chungwa chini ya kidevu, chini ya mkono na kwenye ukingo wa kikombe, Addition, kidogo sana. Nikachukua sehemu zenye mng'ao, nikazipiga ukungu wa 60, nikazirudisha asilimia 12.

Kutenganisha rangi pembezoni, ile nyekundu na buluu kupishana kama lenzi ya bei rahisi: niliweka pikseli 4, nikapenda, usiku nikaona kanzu ina ukingo wa pinki. Nimetoa yote. Kwa picha hii haina kazi.

Chenga: hizi zimeokoa vitu viwili. Anga la giza baada ya ukungu lilikuwa na ngazi ngazi, mistari inayoonekana wazi kwa sababu biti 8 hazina rangi za kutosha kwenye giza. Na pia Babu ana alama za brashi usoni wakati nyuma ni laini kama plastiki, wanaonekana wametoka picha mbili tofauti. Leya moja ya kijivu cha katikati, chenga ndani yake, mtindo wa Overlay (kijivu hicho hakibadilishi kitu, chenga tu ndo zinaonekana), asilimia 8, juu ya kila kitu, baada ya ukungu wote. Ukiweka kabla, ukungu unazilainisha na umefanya kazi bure.

Jumamosi, 29 Machi

Nimeprinti A3. Ya kwanza imetoka giza, wateja wa barazani wamepotea tena, kazi yote ya f/4 imemezwa na wino. Skrini yangu ilikuwa kwenye mwanga wa juu kabisa, karatasi haina taa nyuma yake. Nimeinua rangi za kati, nimeshusha skrini nusu, nimeprinti tena. Ya pili iko sawa, ukungu wa sikio hauonekani kabisa lakini ukiuzima kwenye faili unahisi uso umekuwa bapa.

Gharama: printi mbili 10,000, fremu ya fundi wa vioo 15,000, bando 5,000. Jumla 30,000 na saa kama 46.

Jumanne, 1 Aprili

Nimempelekea Babu, Idi pili. Shikamoo, marahaba mjukuu wangu, nikamfungulia gazeti nililoifungia picha. Akaishika mbali kidogo na macho, akakaa kimya muda mrefu, afu akaweka kidole sio usoni kwake, kwenye yule mteja wa katikati kule barazani, mwenye ukungu wa pikseli 52. Akamtaja jina. Akasema anavyokunja mguu hivi ni yeye tu, hakuna mwingine. Mikono yangu ilitetemeka, nakiri.

Afu akaniuliza, "Na ndoo yangu ya kuoshea vikombe umeiweka wapi?"

Kweli haipo. Siku zote iko chini kulia kwake, ndogo ya buluu, maji yamejaa nusu, na mimi nimekaa naye mwezi mzima sikuichora. Leo usiku nafungua faili tena. Ndoo iko mita 1.8, sawa na kiwiko, kipenyo 12, nusu kipenyo 6.